Msanii Anayefundisha Mtaani Alipwe na Nani?

Likizo ya shule inapokaribia, mzazi mwenye uwezo wa Kilimani au Lavington, jijini Nairobi, hutafuta mahali pa kumpeleka mwanawe akajifunze uchoraji, ufinyanzi au ngoma, na hulipa. Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington hiyohiyo, mtoto husubiri mradi. Mradi ukija, kuna karatasi, rangi, soda na picha za kumpelekea mfadhili. Ukiisha, hata brashi hazibaki. Na huenda aliyefundisha pande zote mbili ni msanii yuleyule.

Maoni yangu ni kwamba msanii huyo, anapofundisha Kawangware, Kangemi au Kibera, anafanya kazi ya Kaunti ya Nairobi, na kaunti ndiyo inayopaswa kumlipa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, maktaba zikiwamo. Hilo ni jukumu la kisheria, na halifai kusukumiwa ubalozi au shirika la ng'ambo.

Tumelisukuma kwa miaka mingi. Taasisi ya sanaa ya Kuona Trust ilianza 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, ikahamia kituo cha sanaa cha GoDown kwenye barabara ya Dunga kilipofunguliwa 2003, kisha Kilimani. Wachoraji wengi tunaojivunia leo walipitia humo, na fedha zilizoiendesha zilitoka kwa wafadhili wa nje kwa sehemu kubwa. Taasisi hiyo ilipoyumba, wasanii wenyewe ndio walioungana kuziendeleza studio. Katika Makumbusho ya Reli, karibu na katikati ya jiji, mchoraji Patrick Mukabi amelea vijana wengi kwenye studio yake. Wengine waliingia bila kujua kuchanganya rangi na sasa wanauza kazi zao. Kibera nako, kundi la wasanii la Maasai Mbili lilianzishwa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda na maduka. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kundi hilo liliwakalisha watoto wa mtaa wakachora waliyoyaona.

Kazi hiyo ya mwisho ilihitajika sana wakati ule. Lakini tangu hapo imezuka kawaida inayonikera: kila warsha ya mtaa wa mabanda lazima itetewe kwa hoja ya kuokoa. Ombi la fedha lisipotaja uhalifu, dawa za kulevya au amani, halisomwi. Mtoto wa Lavington hufundishwa kuchora kwa sababu kuchora ni jambo zuri. Wa Kawangware hufundishwa ili asiwe mwizi. Huyu wa pili ametukanwa kabla hajashika penseli, na wazazi wake pia.

Tusi hilo huharibu hata mafunzo yenyewe. Mfadhili anayetaka kuokoa watu huhesabu waliookolewa, kwa hiyo warsha ya siku moja yenye watoto mia mbili humpendeza kuliko darasa la watoto kumi na wanane linalokutana kila Jumamosi mwaka mzima. Mchoraji yeyote atakwambia ni lipi kati ya hayo mawili linalozaa mchoraji. Mkono hujifunza polepole. Mtoto huchora chupa ileile mara nyingi mpaka aanze kuona kivuli chake, na mwalimu anahitaji kuwapo siku hiyo anapoanza kukiona.

Shule nazo hazijaziba pengo hilo la mafunzo ya kudumu. Mtaala mpya umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Ila shule zinazotoa njia mbili tu ni nyingi, na kwa kawaida njia inayoachwa ni hiyo ya sanaa. Mchoraji mwenye uzoefu wa miaka ishirini haruhusiwi kujaza nafasi, kwa kuwa Tume ya Huduma za Walimu husajili wenye vyeti vya ualimu. Kenya tayari ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wasanii wawe miongoni mwa wa kwanza kunufaika nayo.

Najua jibu la City Hall, makao ya kaunti: taka hazijazolewa, zahanati hazina dawa, fedha za kuchora zitoke wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini sidai jumba jipya. Kaunti ina kumbi za kijamii mitaani ambazo hukaa zimefungwa siku nyingi za juma. Ifungue milango, imlipe msanii kwa kipindi anachofundisha, inunue karatasi na rangi. Ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na mahitaji hayo mengine, wala haiyazuii.

Pingamizi lililo zito zaidi hutoka kwa wasanii wenyewe: anayelipa atataka kuamua kinachochorwa na kinachoigizwa. Hofu hiyo ina msingi. Kamirithu, Limuru, si mbali na Nairobi, wanakijiji walijenga jukwaa lao 1977 na kuigiza tamthilia iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila mashtaka, na 1982 polisi wakalibomoa jukwaa hilo.

Ndiyo maana napendekeza kaunti imiliki ukumbi na ilipe, lakini isipange masomo. Mfano upo hapa jijini. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni mali ya kaunti. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na kaunti hiyo kuyakarabati majengo na kuyajaza shughuli. Mkataba wa namna hiyo ukiandikwa kwa kumbi za Kawangware na Kangemi, uwe na kifungu kimoja kisichojadiliwa: hakuna afisa atakayeomba kuona michoro kabla haijatundikwa, na malipo ya mwalimu hayatasimamishwa kwa sababu ya alichochora mwanafunzi.