Kuandikia watoto nayo ni kazi

Hapa Kimanga, mtoto akionekana anaandika hadithi nyuma ya daftari la hesabu, jibu tunalijua wote: "Acha mchezo, soma." Na kama baba yuko ku mashimo ya Misisi ao Kamituga, mama anaongeza kwamba baba hatoki jasho mule ndani juu ya mtoto kuchora picha. Sisi tunaelewa hasira hiyo. Lakini hatukubaliane nayo.

Tuanze na mtu wa inchi yetu. Dominique Mwankumi alizaliwa Kongo mwaka 1965, akasomea kuchora Kinshasa, ku Académie des Beaux-Arts. Leo vitabu vyake vya watoto vinasomwa Ulaya; vimetoka Paris, kwa L'École des loisirs. Mwaka 1999 alitoa Prince de la rue: mtoto wa barabara wa Kinshasa anayetengeneza motokari ndogo kwa waya na mikebe. Mwaka uliofuata ikatoka Les petits acrobates du fleuve, juu ya watoto wanaokimbilia meli na mitumbwi yao. Hadithi zenyewe anaandika, picha anachora mwenyewe. Na hakuenda kutafuta mambo ya mbali. Motokari ya waya, nani hapa hakuitengeneza? Mtumbwi na meli, mtoto wa Kalundu anaviona kila asubuhi. Mwankumi aliona kwamba kile ambacho wakubwa wanapita bila kuangalia, hicho njo kinauzika.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuko mama Elieshi Lema. Aliandikia watoto, na mwaka 1989 yeye na Demere Kitunga wakaanzisha nyumba yao ya kutoa vitabu, E&D, Dar es Salaam. Riwaya yake ya wakubwa, Parched Earth, ilitoka 2001. Wengine wanasema kuandikia watoto ni ngazi ya chini, mutu anapita pale tu akienda juu. Hapana. Mkubwa anaweza kumaliza kitabu kibaya kwa haya. Mtoto akichoka anakifunga na kwenda kucheza mpira. Mwenye kuweza kumshika mtoto mpaka ukurasa wa mwisho, huyo amejifunza kazi kweli.

Sasa mchimbaji atauliza: je, inalisha? Tuseme wazi, polepole sana. Mwandishi mara nyingi anapata karibu 10 kwa mia ya bei ya kitabu, kwani nyumba ya vitabu inakata yake kwanza, sawa vile PDG wa shimo anavyokata pesa ya chakula na ya pampu mbele ya kugawa. Tofauti ni hii: shimo likiisha limeisha, lakini kitabu kikichapwa tena, mwandishi analipwa tena. Hata Ken Walibora wa Kenya, ambaye kitabu chake Kidagaa Kimemwozea kilisomwa mu shule za sekondari inchi nzima, alikuwa pia mwalimu, msomaji wa habari ku televisheni, kisha profesa. Kwa hiyo hatumwambie mtoto aache masomo. Kinyume chake: kalamu hii inataka shule.

Kinachotuuma zaidi ni hiki. Nyumbani watoto wetu wanasema Kiswahili, Kifuliru, Kibembe. Vitabu wanavyokuta darasani karibu vyote ni vya Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zifundishie, lakini sheria haiandike hadithi. Mtoto aliyeona mto Mulongwe ukibeba nyumba mwezi wa 4 mwaka 2020, atasoma wapi juu ya jambo hilo? Mtoto ambaye mama yake ni twangaise, anayesaga mawe kutwa nzima na vumbi mu kifua, ni kitabu gani kinachosema jina la kazi ya mama yake? Mtu wa Paris hatatuandikia hayo. Wa Dar es Salaam naye ana yake.

Tunayoomba hayahitaji mradi mkubwa. Mtoto apewe daftari lake la hadithi, mbali na lile la hesabu. Baba akishuka kutoka Misisi, mbele ya kulala, asomewe ukurasa mmoja, hata kama hajui kusoma. Zaidi kama hajui. Walimu (watuvumilie) wakubali mara moja kwa juma mtoto aandike Kiswahili cha nyumbani bila kukatwa pointi. Na nyinyi ma-PDG mnaonunulia timu za mpira maillot kila msimu: kuchapa nakala 100 za kitabu chembamba si jambo la kuwashinda. Mwenye kutaka kuanza, walimu wa Kimanga wanajua mtoto gani anajaza madaftari.