Uhai wa Mhusika U katika Usemi Wake

Wako wenzetu wanaodai kwamba michezo ya kuigiza wahusika katika intaneti haisadikiki pasipo picha za fahari. Dai hilo twalikanusha. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuutunga MUD, mchezo wa kompyuta wa watu wengi, na Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja: mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika amri, akajibiwa kwa maneno.

Kinachovunja mchezo ni mhusika asiyejua anasema na nani. Mjukuu ampigiaye nyanya yake “mambo vipi?” pasipo shikamoo amekwisha kuuua. Vivyo hivyo mchuuzi wa Ujiji ya karne ya 19 anayetaka shilingi, ilhali soko lile lilitumia shanga na nguo. Makosa haya hayaponywi kwa rangi!

Basi, ndugu walimu, kabla ya kumpa mwanafunzi mhusika, tumpe umri, ukoo na kazi yake. Orodha ya msamiati tunayoigawa kila muhula haimwambii hata kama yeye ni mjomba au mpwa.