Neno "bure" lilivyomgharimu mama mdogo

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri karatasi moja ya matangazo kutoka Kifaransa hadi Kiswahili. Ilikuwa ukurasa mmoja, mistari isiyozidi 20, kwa malipo ya dola 15 mkononi. Kwa mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku ili abakize nauli ya pikipiki, hiyo si kazi ya kukataa. Karatasi ilihusu kadi ya benki. Ilisema kadi hiyo ni "sans frais annuels", na kwamba atakayeitumia kulipia dukani atapata "remise" ya asilimia 1 ya kila anachonunua. Mimi nikaandika: "Kadi ya bure! Nunua, urudishiwe pesa zako." Nilijisifu sana. Kifaransa chake kilikuwa kizito kama toleka iliyobeba magunia mawili ya mchele. Kiswahili changu kiliteleza.

Mama mdogo anauza samaki wa chumvi katika soko kuu, hapa Makiso. Aliipata karatasi hiyo mikononi mwa kijana aliyekuwa akizigawa, akaniuliza jioni kama kweli ni bure. Nikamwambia ndiyo, tena mimi ndiye niliyeandika. Akafungua akaunti, akaweka dola 120.

Baada ya miezi sita alinipa karatasi ya hesabu nimsomee. Kila mwezi zilikatwa dola 3 za kutunza akaunti. Alitoa pesa mara nne, kila mara ikakatwa dola 1. Kadi yenyewe aliitumia dukani mara moja tu, akanunua vitu vya dola 25, akarudishiwa senti 25. Kwa hiyo alipata senti 25 na kupoteza dola 22. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwanangu, ni wewe uliandika bule."

Nilirudi kwenye ile karatasi ya Kifaransa nikitafuta uongo, nisiuone. Hakuna ada ya mwaka: kweli. Ada ya kila mwezi haikutajwa, lakini haikukanushwa. Aliyesema "bure" ni mimi. Wenye karatasi waliponyamaza, mimi nilisema.

Naandika haya katika jarida letu kwa sababu naamini kosa langu ni kosa la kitivo chetu. Tunafundishwa kutafsiri hadithi, hotuba, hata mashairi, lakini sijawahi kuona karatasi ya benki, ya mkopo au ya pesa za simu ikiandikwa ubaoni. Tukitoka hapa, karatasi hizo ndizo tunazoletewa na watu wenye pesa ya kutulipa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimelipa "bure" mizigo miwili. Kitu cha bure ni kisicholipiwa, na kwenda bure ni kwenda bila kupata kitu. Ndugu zetu wa Kilingala wametenganisha: wana "ofele" kwa kisicholipiwa, na "mpamba" kwa kazi isiyo na matunda. Mtu wa Kisangani anayeamka na lugha moja na kulala na nyingine anazijua zote tatu, na bado akisikia "kadi ya bure" hufikiri ofele. Mama mdogo alipata mpamba.

Neno la pili lilinishinda zaidi. Ile "remise" nilitaka kuiita "marejesho". Nashukuru sikuliandika. Nchini Tanzania, mtu aliyekopa katika kikundi akisema "leo nina marejesho" ana maana kwamba leo yeye ndiye anayelipa. Kadi "yenye marejesho" ingekuwa kadi yenye deni! Lakini "urudishiwe pesa zako" nayo ina kasoro, maana inadokeza kwamba ulichotoa kinarudi chote, kama soda iliyoharibika inavyorudishwa dukani. Kinachorudi ni senti moja katika kila senti mia. Siku hizi nasema "punguzo la baada ya kulipa". Ni refu na halina utamu wa tangazo, lakini ukilisema sokoni unaeleweka.

Nililielewa jambo lenyewe kwa msaada wa yaya yangu anayeishi Marekani. Huko ndiko kadi za namna hii zilikokulia. Kadi ya Discover, iliyoenezwa nchini kote mwaka 1986, ilijulikana kwa mambo mawili hayo hayo: haina ada ya mwaka, na humrudishia mnunuzi sehemu ya alichotumia. Hiyo ni kadi ya mkopo, yaani benki inalipa dukani leo nawe unailipa benki mwishoni mwa mwezi. Kadi ya mama mdogo haikuwa hivyo. Ilikuwa ya kuchotea pesa zake mwenyewe, imevalishwa maneno ya jirani yake tajiri.

Yaya ana kadi mbili, zote bila ada. Moja inampa asilimia 1.5 kwa kila kitu. Nyingine inatoa asilimia 5, lakini kwa aina fulani za matumizi tu, na aina hizo hubadilika kila miezi mitatu: mara ni petroli, mara ni chakula. Kila mara lazima ajiandikishe upya, na kuna kikomo. Tuseme anatumia dola 800 kwa mwezi kwa ile ya kwanza: anapata dola 12. Kwa mwaka ni 144. Si haba.

Lakini sikilizeni masharti yake, maana yeye ni mtu wa hesabu. Analipa deni lote kila mwezi, bila kubakiza hata dola moja. Riba ya kadi huko mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Ukiburuza deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24, mwezi mmoja unakula dola 20, na zile 12 zako zimekwisha kabla hujazishika. Hachoti pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, kwa kuwa riba yake huanza siku hiyo hiyo. Hanunui kitu kwa ajili ya punguzo. Na alipokuja kututembelea aliziacha kadi mfukoni, kwa sababu kadi nyingi za huko hukata kama asilimia 3 ukizitumia nje ya nchi. Tulikula kwa noti, baada ya kuzigeuza na kuzichungulia kwenye mwanga, kwa kuwa noti ya dola iliyochanika kidogo hapa kwetu haina mteja.

Nilimuuliza: hizo dola 144 anazitoa nani? Mwenye duka, akasema. Muuzaji hukatwa kama asilimia 2, wakati mwingine zaidi, kila kadi ya mkopo inapopita kwenye mashine yake, na sehemu ya makato hayo ndiyo inayorudi kwa mwenye kadi. Muuzaji naye hawi mjinga, anapandisha bei. Anayelipa kwa noti kwa sababu benki haikumkubali analipa bei ile ile iliyopandishwa, na hapati kitu. Ushahidi uko Ulaya: mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kwenye ada ambayo benki ya mwenye kadi huipata kwa kila malipo, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo na 0.2 kwa zile za akiba. Chemchemi ikapungua, na zawadi zikawa nyembamba. Binamu zetu wa Brussels hawana hadithi kama za yaya.

Kwetu hapa kuna matabisi. Ukinunua kwa mama mdogo rundo la samaki, anakuongezea mmoja mdogo. Unamwona akimtoa, na unajua ametoka kwenye mtaji wake. Punguzo la kadi ni matabisi ambayo mtoaji wake haonekani, na mara nyingine mtoaji ni yule aliyesimama nyuma yako kwenye foleni na noti zake.

Sasa mnunuzi wa Kisangani afanye nini? Sisemi kadi ni mbaya. Mwalimu ambaye mshahara wake unapitia benki tayari, na ambaye angekatwa ada ya akaunti hata bila kadi, akipata asilimia 1 katika maduka machache yenye mashine, aichukue. Lakini kwa mchuuzi, pesa ziko kwingine. Ziko kwenye makato ya kutoa. M-Pesa iliingia nchini mwetu mwaka 2012, ikatuletea neno "pesa" sisi tuliozoea feza, franga na makuta, na ikatuzoesha kukatwa kidogo kidogo. Kutoa kiasi mara moja badala ya mara nne, au kumlipa mwenye mchele moja kwa moja kwa simu badala ya kwenda kwanza kabina kutoa noti, kunaweza kubakiza zaidi ya punguzo lolote la kadi. Mama mdogo alilijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana likelemba yao ya sokoni haimkati mtu hata franka moja, ingawa nayo ina hatari yake: aliyekula mapema akihama mji, wamekwisha.

Nilipomweleza mwalimu mmoja kisa hiki, alinijibu kwamba mfasiri si mwanasheria. Kazi yake ni kuwa mwaminifu kwa matini. Kisichoandikwa si chake. Namheshimu, lakini sikubali. Nilipoandika "bure" nilikuwa tayari nimeongeza kisichoandikwa, na hakuna aliyenikemea kwa sababu kilisikika vizuri. Ikiwa nina ruhusa ya kuongeza utamu, nina wajibu wa kuomba karatasi ya bei. Ningeuliza swali moja tu, "Mbali na ada ya mwaka, mnakata nini?", ningeandika "kadi isiyo na ada ya mwaka, ada ya kila mwezi ni dola 3". Huenda wasingenilipa. Basi tujadili hilo darasani, pamoja na dola 15 zenyewe, kabla mwanafunzi hajakutana nalo peke yake akiwa na njaa.

Ombi langu kwa wakuu wa idara ni dogo: muhula mmoja wa mazoezi ya tafsiri utumie karatasi za kweli za mji huu, za benki, za mitandao ya simu na za vyama vya akiba, na tafsiri zisomwe kwa sauti mbele ya wachuuzi watatu wanne wa soko kuu, watuambie walichoelewa. Nimekwisha kufanya jaribio hilo na watu wawili. Neno "tozo" hawakulijua. "Makato" walilijua mara moja, wakacheka.

Mama mdogo alifunga akaunti. Kufunga nako kulikatwa dola 5, jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya Kifaransa wala ya Kiswahili. Hajaacha kuniletea karatasi. Wiki iliyopita alileta ya jirani yake, muuza mafuta ya mawese, akaiweka mezani, akakaa kwenye kiti akiningoja nimalize kuisoma yote, hadi zile herufi ndogo za chini.