Punguza Mwendo, Usiache Safari

Kila Januari nyumba nyingi za wafanyakazi hujaa ahadi. Baba huapa kuanza kujenga, mama huazimia kurudi darasani, kijana husema safari hii lazima afaulu. Ifikapo Pasaka ahadi hizo zimekwisha kusahauliwa, na mwenye nyumba yuko mlangoni akidai kodi yake. Wengi hulaumu udogo wa mshahara. Kweli mshahara ni mdogo, lakini mara nyingi kilichotamkwa Januari kilikuwa tamaa tu, hakijawa lengo.

Hapa Katesh tofauti hiyo ni rahisi kuieleza, maana Mlima Hanang umesimama mbele ya macho yetu, na kilele chake kiko mita 3,417 juu ya usawa wa bahari. Anayeutazama na kusema, "Siku moja nitaupanda," bado ana tamaa. Mwenye lengo hujiuliza atapanda siku gani, kwa njia ipi, nani atamwongoza na atabeba maji kiasi gani. Wanaopita njia ya Jorodom na kutaka kurudi siku hiyo hiyo huondoka alfajiri, kwani giza la jioni halimsubiri mtu.

Tuchukue mfano wa nyumba. Mfanyakazi anayehitaji mabati 40 asiseme tu, "Nitaezeka." Aseme, "Nitanunua mabati 2 kila mwisho wa mwezi, kwa miezi 20." Hapo lengo limepata hesabu na tarehe. Aliandike katika daftari pamoja na mwenziwe, na watoto waelezwe kwa nini nyama imepungua mezani. Lengo analolijua baba peke yake huvunjwa na nyumba nzima bila mtu yeyote kukusudia.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mipango si matumizi. Mwezi wa sita mtoto ataugua, au simu ya msiba itakuja kutoka nyumbani. Fedha ya mabati itakwenda huko, na ni haki iende. Hatari inakuja mwezi wa saba, pale mtu anaposema, "Mpango umekwisha kuharibika," akaitumia na fedha ya mwezi huo.

Mtu wa kutufundisha hapa ni jirani yetu, Ndugu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti na bega. Matumaini ya ushindi yaliishia pale. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limekwisha kuingia na watazamaji wamebaki wachache. Wakimbiaji 75 walianza. 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57.

Lengo la kwanza lilipomponyoka, alishika la pili lililokuwa ndani ya uwezo wake: kumaliza. Wala hadithi yake haikuishia hapo. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5.

Basi mwezi wa ugonjwa nunua bati 1. Ukishindwa hata hilo, nunua kilo ya misumari, uiandike katika daftari. Miezi 20 ikiwa 26, hakuna atakayeihesabu siku mvua itakapopiga juu ya paa lako. Wala usingoje ari ije yenyewe. Ari huzaliwa na mistari inayoongezeka katika daftari lile. Ukiwa na kikundi cha upatu au VICOBA, watajie wenzako lengo lako, ili siku ukilegea awepo wa kukuuliza.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jioni hii, chakula kikisha kuliwa, kaeni pamoja mwandike jambo moja tu, hesabu yake, tarehe yake, na kile mtakachofanya kabla ya Jumapili ijayo.