Lango la chuo kikuu li wazi kwa wenye C+ na B-, lakini kozi na karo ni kitendawili

Na MWANDISHI WETU

KILA Januari, Waziri wa Elimu anapotangaza matokeo ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE), kamera zote huelekezwa kwa waliopata A. Shule zao huimba na kucheza ngoma, wazazi huwabeba watoto mabegani, na kesho yake magazeti hujaa picha za madaktari na wahandisi wa siku zijazo.

Hata hivyo, hao ni wachache mno. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani huo na ni 1,693 tu waliopata A. Waliopata C+ kwenda juu, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hii ina maana kwamba kwa kila mmoja aliyeshangiliwa, wapo zaidi ya 140 waliofuzu bila kupigiwa ngoma.

Kundi hili la kati, hasa wenye C+, B- na B, ndilo linalojaza kumbi za mihadhara nchini. Ndilo pia linalokata shauri katika giza zaidi. Mwenye A anajua anachokitaka, na kwa kawaida hukipata. Mwenye D+ anajua kwamba shahada haimo katika hesabu zake za mwaka huu. Wa kati huambiwa amefuzu, kisha huachiwa afumbue mwenyewe amefuzu kwa lipi.

Mzazi aliyemaliza shule miaka ya themanini au tisini huliona jambo hili kwa macho ya zamani, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB), iliyowaleta pamoja wakuu wa vyuo vikuu vya umma, C+ ilikuwa sifa ya kwenye karatasi tu. JAB ilihesabu nafasi kwa kutazama vitanda vilivyokuwa katika mabweni, kisha ikapandisha kiwango cha pointi hadi idadi ya wanafunzi ilingane na vitanda hivyo. Katika miaka ya 2000, mwenye C+ au B- alikuwa amefuzu kisheria lakini barua ya kuitwa haikumfikia. Wapo wenye B ambao pia waliachwa nje kwa pointi moja au mbili, ingawa wasichana walipunguziwa kidogo. Walioitwa nao walikaa nyumbani hata miaka miwili wakisubiri zamu yao, hadi vyuo vilipolazimika kuchukua makundi mawili kwa mpigo mwaka 2011.

Aliyeachwa na JAB alikuwa na njia ya fedha. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo sambamba mwaka 1998, vingine vikafuata, na mzazi aliyeweza kuuza kipande cha shamba au kuitisha harambee alimwingiza mwanawe katika darasa lile lile walimoketi wanafunzi wa serikali. Wengine walivuka mpaka kwenda Uganda. Tofauti ilikuwa katika karo: mwanafunzi wa serikali alilipia masomo Sh16,000 kwa mwaka, ilhali mwenzake wa masomo sambamba alilipa mara kadhaa ya hizo. Gredi ya kati ilikuwa na bei, na bei hiyo ilijulikana mapema.

Mambo mawili yaliubomoa mpangilio huo. La kwanza ni Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyoivunja JAB na kuunda shirika la KUCCPS, ambalo linawateua wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wa vyuo vya kadri. Wakati huo huo, vyuo vishiriki vingi vilipandishwa hadhi na kuwa vyuo vikuu kamili. Nafasi zikaongezeka, na hesabu ya vitanda ikasahaulika.

La pili ni mtihani wa 2016. Katika KCSE ya 2015, zaidi ya watahiniwa 169,000 walikuwa wamepata C+ kwenda juu. Mwaka uliofuata, baada ya Waziri Fred Matiang'i kukaza kamba dhidi ya wizi wa mitihani, idadi hiyo ilishuka hadi 88,929, na mwaka 2017 ikafika 70,073. Ghafla, nafasi zilikuwa nyingi kuliko waliofuzu. Serikali iliamua kwamba kila mwenye C+ angedhaminiwa, hata katika vyuo vikuu vya kibinafsi, na masomo sambamba yakakauka kama kisima wakati wa kiangazi. Vyuo vilivyokuwa vimejenga majengo na kuajiri watu kwa kutegemea karo hiyo vilibaki na madeni ya mabilioni ya shilingi ambayo bado vinayabeba.

Tangu wakati huo, swali la kama mwenye C+ ataitwa limekwisha. Ataitwa. Maswali yaliyobaki ni mawili, na yote ni magumu: ataitwa kusomea nini, na nani atalipa?

Katika swali la kwanza, wazazi na watahiniwa wengi hupotoshwa na gredi ya wastani. KUCCPS haigawi kozi kwa wastani peke yake. Kila kozi ina masomo manne yanayohusiana nayo, na alama za masomo hayo huchanganywa na jumla ya pointi za mtahiniwa ili kupata pointi za kozi, ambazo upeo wake ni 48.

Tuchukue mfano wa watahiniwa wawili wenye B-, wote wakiwa na pointi 56 kati ya 84. Wa kwanza amezoa pointi 36 katika masomo manne ya kozi anayoitaka. Wa pili amezoa 30 katika manne hayo, nguvu zake zikiwa kwingineko. Kwa kanuni inayotumiwa na wengi kukadiria, yaani kuzidisha visehemu hivyo viwili, kutafuta kipeuo cha pili na kuzidisha kwa 48, wa kwanza anapata takriban pointi 33.9 na wa pili takriban 31. Karatasi zao za matokeo zina gredi moja. Katika kozi inayogombewa na maelfu, pengo la karibu pointi tatu linatosha kumtupa mmoja wao mbali kabisa na alikokusudia kwenda.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu 2023, wakati utaratibu wa kukokotoa gredi ya wastani ulipobadilishwa. Awali, Kiingereza na Kiswahili vyote vilihesabiwa, pamoja na Hisabati na angalau sayansi mbili. Sasa huhesabiwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyafanya vizuri zaidi mtahiniwa. Waliopata C+ kwenda juu waliongezeka kutoka takriban 173,000 mwaka 2022 hadi 201,133 mwaka 2023, kisha wakafika 246,391 mwaka uliofuata.

Badiliko hilo lilikuwa na haki ndani yake, kwani mwanafunzi hodari wa Historia na Biashara hakustahili kuzamishwa na Fizikia. Ila wastani ulilegezwa bila masharti ya kozi kulegezwa. Uhandisi bado unadai C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Shahada ya sheria inadai B katika Kiingereza au Kiswahili, hata kama wastani ni C+. Ualimu wa sekondari unadai C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Mtahiniwa ambaye Kemia yake iliachwa nje ya hesabu na wastani wake ukapanda hadi B- atafurahi Januari, kisha atakutana na Kemia ile ile atakapoomba shahada ya uuguzi.

Ndiyo maana wengi wa kundi la kati hujikuta katika kozi pana za sanaa, biashara na sayansi za jamii. Hakuna ubaya katika kozi hizo kwa zenyewe. Ubaya ni kuzifikia kwa kusukumwa, baada ya kuorodhesha udaktari, ufamasia na sheria kwa kufuata fahari ya familia na kukosa zote. Kufikia awamu ya masahihisho, nafasi nzuri huwa zimeshachukuliwa na waliochagua kwa kiasi. Isitoshe, vijana wengi hujaza maombi katika maduka ya intaneti mtaani, ambako mhudumu anayetozea huduma hiyo shilingi chache ndiye anayegeuka kuwa mshauri wa maisha.

Swali la pili ni la karo, na hapa wakazi wa mijini ndio wanaoumia kimyakimya.

Mnamo Mei 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili wa elimu ya juu. Fedha za serikali zilitenganishwa na gredi na hata na kuteuliwa kwenyewe. Mwanafunzi hupimwa kwa hali ya kiuchumi ya familia yake, kisha hugawiwa ufadhili, mkopo, na sehemu ambayo mzazi atalipa. Katika mpangilio wa makundi matano, familia ya kundi la kwanza, lile maskini zaidi, hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Ya kundi la tano hulipa asilimia 40.

Kwa kozi yenye gharama ya Sh200,000 kwa mwaka, kwa mfano, familia ya kwanza italipa Sh10,000 na ya tano Sh80,000, kabla ya kodi ya chumba, chakula na nauli. Mzazi aliyezoea kusikia kuhusu Sh16,000 alishtuka, na alikuwa na sababu. Katika mitaa kama Umoja, Donholm au Changamwe, mtu mwenye hati ya mshahara huonekana tajiri mbele ya kompyuta inayopima uwezo, hata kama mshahara huo unalipa kodi ya nyumba na kuwasomesha watoto wengine watatu. Mfanyabiashara anayepokea zaidi yake kwa pesa taslimu anaweza kuonekana hana kitu.

Malalamiko yalifika kortini. Desemba 2024, Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Serikali nayo ilitangaza mwaka huo kwamba karo katika vyuo vikuu vya umma imepunguzwa. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini mzazi bado hajui atalipa kiasi gani hadi mwanawe awe ameshateuliwa.

Vyuo vya kibinafsi vimerudi pale vilipokuwa. Wanafunzi wapya wanaovichagua tangu 2023 wanaweza kuomba mkopo, lakini hawapati ufadhili wa serikali. Mwenye C+ aliyeteuliwa huko mwaka 2017 alisaidiwa na Hazina Kuu. Mdogo wake mwenye gredi hiyo hiyo leo hasaidiwi hivyo.

Hesabu hizi ndizo zinazowafanya baadhi ya wenye C+ kuanza kutazama upande waliofunzwa kuudharau. Stashahada ya uuguzi inahitaji C wastani, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika mojawapo ya Hisabati, Fizikia au Kemia. Vyuo vya kiufundi hupokea wenye C- kwa stashahada. Na tangu Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma ya 2014, mwenye stashahada ana ngazi ya kupandia hadi shahada, japo baadhi ya taaluma bado zina mlinzi mkali langoni.

Kwa mwenye C+ ambaye Biolojia yake ni C, stashahada hiyo ya uuguzi inampa kazi anayoitaka, ilhali shahada atakayoitiwa huenda ikawa ya fani asiyoipenda. Watu wazima wachache humweleza hivyo waziwazi. Shule hupimwa kwa idadi ya waliojiunga na vyuo vikuu, mzazi hutaka joho la mahafali, na jirani huuliza "chuo gani?" kabla ya kuuliza kozi. Zaidi ya watahiniwa 716,000 wa 2024 waliopata chini ya C+ hawakuwa na anasa ya kujidanganya hivyo. Wengi wao huijua orodha ya stashahada na vyeti kuliko wenzao waliofuzu.

Muda wa kurekebisha hali hii kwa wanafunzi wa 8-4-4 ni mfupi. Kundi la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027. Watoto wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, walilazimika kuchagua mkondo wa masomo wakiwa na umri wa miaka 15 hivi, miaka mitatu kabla ya mtihani. Kwao, uamuzi ambao mwenye B- wa leo huufanya kwa wiki chache baada ya matokeo umeshafanyika, na wa kuwashauri mara nyingi ni wale wale.