Trekta la Dakawa Halina Plagi

Kila Agosti, viwanja vya Nanenane vya Mwalimu Julius Nyerere mjini Morogoro hujaa matrekta mapya yanayong'aa. Wakulima huyazunguka, hupanda kwenye kiti, huuliza bei, hushuka. Jioni wanarudi Dakawa, Turiani au Kimamba, na msimu ukifika jembe linavutwa na lile lile Massey Ferguson 135 lenye umri mkubwa kuliko dereva wake.

Ndiyo maana ahadi ya kulirudishia zee hilo ujana haikosi wasikilizaji. Mkulima akifungua simu anamwona fundi wa Marekani na trekta la jina hilo hilo. Fundi anafungua distributa, anatoa pointi na kapasita, anafunga kifaa kidogo cha elektroniki, anapiga stata mara moja, limewaka. Mtazamaji wa Mvomero anataka kujua kifaa hicho Kariakoo kinauzwa shilingi ngapi. Kuna swali lingepaswa kutangulia: je, trekta lake lina plagi?

Halina.

Massey Ferguson 135 lilipoingia sokoni mwaka 1964, Mmarekani aliweza kuchagua la petroli au la dizeli. Lililoenea huku kwetu ni la dizeli, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Kwa nje ni mapacha, kwa ndani kila moja lina damu yake. La petroli huwashwa na cheche ya umeme inayoruka kwenye plagi. La dizeli huibana hewa mpaka ujazo wake ubaki sehemu ndogo tu ya ulivyokuwa. Hewa hiyo hupata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, nozo inanyunyiza mafuta, na moto unajiwakia wenyewe. Hakuna koili wala distributa. Kulitafutia mfumo mpya wa cheche ni kumnunulia miwani mtu anayeumwa jino.

Hii haimaanishi kwamba teknolojia hiyo ni ulaghai. Inapohusika inafanya kazi, na vizuri. Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya 500,000, na mengi yalitumia petroli au mafuta ya taa. Cheche yake ilitegemea pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kwa nafasi isiyofika nusu milimita. Vinaungua, vinashika kutu, umande ukiingia trekta linagoma. Mfumo wa elektroniki unaweka sumaku na sensa mahali pa pointi hizo. Hakuna kinachogusana, hivyo hakuna kinacholika. Hata hivyo una masharti. Matrekta mengi ya Kiingereza ya zama hizo waya wake chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha ilivyozoeleka leo, na fundi akichanganya, kifaa kinaungua papo hapo. Tena pointi zikichafuka husuguliwa kwa msasa palepale shambani, lakini kifaa cha elektroniki kikifa hakina dawa ila kununua kingine.

Kwa kweli elektroniki hiyo ilishapanda milima ya Uluguru, ila haikupanda kwa trekta. Kwenye ile miteremko jembe la mkono ndilo linalotawala, na injini inayofika huko ni ya bodaboda. Pikipiki inayoshusha kabichi kutoka Mgeta au ndizi kutoka Kinole, mvua inyeshe isinyeshe, inawashwa na kiboksi cha elektroniki kiitwacho CDI, kinachoenea kiganjani. Kikifa, fundi wa kijiweni anachomoa soketi, anachomeka kingine, na abiria hata hajamaliza kulalamika. Chini bondeni, injini ndogo za petroli zinazosukuma pampu za maji nazo zina mfumo wa aina hiyo. Honda ilianza kuuza injini zake za GX zisizo na pointi tangu mwaka 1983. Huko elektroniki imeshinda bila semina wala kampeni, kwa sababu imetibu ugonjwa uliopo, kipuri kiko dukani na fundi anakijua.

Sasa turudi kwa mzee wa Dakawa. Skimu ya mpunga ya Wami-Dakawa, iliyoanzishwa na NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, ina hekta 2,000, na udongo wake mzito ukishalowa hauna huruma na injini iliyochoka. Kinacholichosha trekta huko ni maji kwenye dizeli iliyouzwa kwa madumu, chujio ambalo halijabadilishwa tangu msimu juzi, na nozo zinazodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza.

Fundi mzuri hahitaji kompyuta kuligundua hilo. Anaacha injini ingurume taratibu, kisha analegeza nati za mirija ya nozo moja baada ya nyingine. Akilegeza ya silinda nzima, mlio wa injini unayumba. Akilegeza na mlio usibadilike, ugonjwa uko hapo. Anatazama na moshi: mweusi unamwambia mafuta ni mengi kuliko hewa, wa bluu unamwambia oili inaungua. Tatizo linaanza baada ya hapo. Kuijua nozo mbovu ni jambo moja. Kuitengeneza kunataka ile mashine ya mkono yenye geji, inayoonyesha nozo inafunguka kwa shinikizo gani na inanyunyiza kama ukungu au inatema kama bomba bovu. Mwenye trekta asiyekuwa nayo jirani hana budi kuzifunga nozo kwenye mfuko, apande basi hadi mjini, huku mvua ikihesabu siku zake.

Nchi hii ina somo la zamani kuhusu mashine kumtangulia fundi, na lilifanyika jirani tu na Morogoro. Mwaka 1947 Waingereza walimwaga mashine Kongwa kwa ajili ya mradi wa karanga. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mashine hizo ilikuwa imelala kwa kukosa vipuri na mafundi. Hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta havikuuokoa mradi, na mwaka 1951 ukafutwa. Baadaye tukaunganisha Valmet za Finland pale Kibaha, tukaleta Farmtrac za India kupitia SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, kisha Ursus za Poland, nazo zikaunganishwa Kibaha. Rangi zilibadilika, lakini kila mara trekta lilifika kijijini mapema kuliko fundi wake.

Kwa hiyo fedha inayotafuta trekta la kisasa, iwe ya mkulima au ya serikali, ina kazi ya karibu zaidi. Chuo cha ufundi cha VETA kiko Kihonda, Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko mjini hapo hapo. Wawafundishe vijana wa Dakawa na Turiani kutengeneza pampu za dizeli na nozo, na vyama vya ushirika vinunue mashine za kupimia na kuziweka kwenye skimu, si mjini. Na mwenye Massey 135, kabla hajatuma hela Kariakoo kununua kifaa alichokiona kwenye video, abadilishe chujio, amwage maji yaliyotuama chini ya tangi, na apeleke nozo zake tatu zikapimwe kabla ya masika.