Nani kasema Mombasa siyo nje?

Staa wetu mmoja, jina namhifadhia maana mashabiki wake wakali, katuonyesha familia yake ikila bata miji minne ndani ya siku tisa. Dubai, Istanbul, Paris, London. Mama yake mzazi kapiga miwani ya jua chini ya mnara wa Eiffel, watoto wawili wameshika aiskrimu, kila mtu anacheka. Hakuna aliyelia kwenye foleni, hakuna aliyevimba miguu. Mioyo myekundu ikamiminika, na wa kwangu umo. Sitaki kujifanya.

Tatizo limekuja kwa shoga yangu wa Mtaa wa Narung'ombe, pale Kariakoo, muuza vitenge. Mchezo wake wa mwaka umeiva, hela kaishika, na kaapa kwamba mwaka huu bi mkubwa lazima apande ndege. Bi mkubwa ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na safari yake ndefu kuliko zote ni boti ya Zanzibar. Watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine minne. Mpango wa shoga yangu? Kaunakili ule wa staa vilevile ulivyo, ila London kaifuta "kwa sababu ya bajeti".

Nikamwambia, kwa nini usianze na Tanga, Mombasa, Nairobi, halafu urudi kwa Arusha? Akanitazama kama nimemtukana. "Mombasa? Sasa Mombasa nayo nje?"

Ndiyo shoga, Mombasa ni nje. Unagongewa muhuri, unabadilisha hela, laini yako ya simu inaanza kukutumia meseji za kukukaribisha. Na kwa familia ambayo haijawahi kusafiri pamoja hata mara moja, mimi nasema hiyo ndiyo safari ya kwanza yenye akili, na ya Dubai na Paris ingoje zamu yake.

Tuanze na picha zenyewe. Picha haimwonyeshi dada wa kazi aliyekaa hotelini na mtoto mdogo wakati mama anapigwa picha. Haimwonyeshi anayebeba mabegi, wala haisemi kama vyumba vililipiwa au vilitolewa ili vipostiwe. Simsemi vibaya huyo staa, ndiyo kazi yake na anaijua. Ninachosema, ile ni kazi. Ukiichukua ratiba ya kazi ya mtu mwingine ukaifanya mapumziko ya mama yako, utamrudisha nyumbani akiwa mgonjwa.

Halafu kuna visa. Dubai ni visa yake, Uturuki ni habari nyingine, na Paris unaingia kwa ile ya Schengen ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka sita mpaka chini ya kumi na mbili. Ukinyimwa, hela hairudi. London haimo kwenye Schengen, kwa hiyo nako unaomba upya, unalipa upya. Na shule zetu zinafunga Juni na Julai, wakati Dubai joto linapita nyuzi 40. Staa alienda Desemba. Kariakoo saa nane mchana Februari mnaijua? Basi pale ni zaidi.

Nilimuuliza mama mmoja wa Mtaa wa Aggrey ambaye Guangzhou anaijua kama Msimbazi, maana amefuata mzigo huko miaka na miaka. Watu kama yeye ndio wasafiri wetu wa kweli, ila hatuwaulizi kwa sababu hawaposti. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: mwenyewe akiwa peke yake analala popote, anakula mkate na soda, anapanda ndege saa tisa usiku, poa tu. Lakini alipotaka kutoka na wanawe alianzia Nairobi. "Nilitaka kwanza nijue wananichosha kiasi gani," akasema, akacheka.

Sasa, kabla ya kuzungumzia miji, makaratasi. Hapa ndipo safari nyingi za familia zinapofia, na hakuna staa atakayekuonyesha hatua hii maana haina picha nzuri.

Kwa Kenya, Mtanzania hahitaji visa. Hata walipoanzisha ule mfumo wao wa kibali cha mtandaoni mwaka 2024, sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatukuingizwa. Lakini hati ya kusafiria unaihitaji. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho tu. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo, kwa hiyo usije ukaenda mpakani na NIDA yako mkononi. Pasipoti yetu ya sasa, ya kielektroniki, ilizinduliwa Januari 2018, ada yake ni shilingi 150,000, na mtoto naye anatakiwa awe na hati yake. Zidisha kwa watu wanne uone. Ndiyo maana nasema anza miezi kabla.

Na uanze na bi mkubwa. Wazee wetu wengi cheti cha kuzaliwa hawana, kwa hiyo kuna kiapo. Huyu mama wa shoga yangu, kwenye NIDA yupo kwa jina alilopewa na bibi yake, kwenye karatasi nyingine zote yupo kwa jina alilolitumia shule. Watu wawili tofauti kabisa kwa mujibu wa serikali! Hilo nalo linataka kiapo kwa wakili na kusubiri. Upande wa watoto kuna cheti cha RITA, na kuna ridhaa ya wazazi. Dada zangu mnaolea wenyewe, hapa mnanielewa. Kumtafuta baba mtu asaini karatasi, wakati hamjaongea tangu sikukuu ya mwaka juzi, hiyo yenyewe ni safari ya nje. Ianze mapema, na uianze kwa upole hata kama hastahili.

Kuna na kadi ya homa ya manjano. Ukirudi kutoka Kenya, upande wetu wa mpaka unaweza kuulizwa. Chanjo inahesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, na tangu 2016 kadi moja ni ya maisha, usiitupe. Lakini kwa mtu aliyevuka miaka 60, daktari amwone kwanza kabla ya kuchomwa. Hili nimelisema kwa shoga yangu mara tatu maana yeye alikuwa tayari kumpeleka mama yake achomwe siku moja kabla ya safari.

Haya, njia yenyewe. Mimi naipenda kwa sababu hamrudi mlikopita. Dar mpaka Tanga kwa basi, mnalala Tanga. Wengi wanataka kuunganisha moja kwa moja hadi Mombasa siku hiyohiyo, na vijana mnaweza, lakini ratiba hii mpangaji wake ni magoti ya bi mkubwa. Asubuhi mnavuka Horohoro, upande wa pili ni Lunga Lunga. Wadigo wako huku na huku, kwa hiyo bi mkubwa atashuka "nje ya nchi" na kusikia watu wanaongea kama jirani yake. Kwa mzee anayesafiri mara ya kwanza hicho si kitu kidogo. Atauliza choo kiko wapi bila kumtegemea mtu. Istanbul angekuuliza wewe, na wewe ungeuliza simu.

Halafu Likoni. Mnafika kivukoni, mnaona pantoni, na watoto wataanza kubishana kama ni sawa na la Kigamboni. Pale Magogoni mtembea kwa miguu tunalipa 200. Likoni mtembea kwa miguu anavuka bure. Bi mkubwa wa Kariakoo akisikia neno bure atalikumbuka kuliko Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na mtaiona kesho yake, taratibu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mombasa mlale usiku mitatu. Mitatu, siyo mmoja. Kila mara mnapohama mji, mnapoteza nusu siku kufunga mabegi na kutafuta kiatu kimoja cha mtoto. Staa alihama mara tatu ndani ya siku tisa kwa sababu alihitaji mandhari tofauti. Nyie mnahitaji usingizi.

Mombasa mpaka Nairobi ni treni, ile ya SGR iliyoanza 2017, karibu kilomita 470 kwa muda wa saa tano mpaka sita. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu 2024, zidisha kwa kama 20 upate za kwetu. Tiketi inalipiwa kwa M-Pesa ya huko, kwa hiyo tafuta ndugu au rafiki mwenye laini ya Kenya akulipie mapema, maana msimu wa likizo viti vinaisha. Stesheni iko Miritini, siyo mjini, mtoke mapema. Na mwambieni bi mkubwa kabla: pale mabegi yanapangwa chini, mbwa anapita kuyanusa. Kama kwenye shangazi kaja lake kaweka juu kabisa kanga ya kuswalia, aihamishie ndani. Mambo madogo haya ndiyo yanayoharibu siku ya mzee, siyo bei ya hoteli.

Njiani mnapita Tsavo. Tembo unaweza kumuona dirishani, au usimuone, usimwahidi mtoto.

Nairobi usiku miwili unatosha. Treni inaishia Syokimau, kuna nyingine ndogo ya kuwaingiza mjini. Shoga yangu namjua, atataka kwenda Eastleigh "kuangalia bei tu", na hapo safari ya mama itageuka safari ya mzigo. Nimemwambia apewe nusu siku, mabegi yapimwe akirudi. Watoto wapelekwe wakaone twiga, basi, imetosha.

Kisha Namanga, Arusha. Namanga siku hizi ukaguzi wa nchi zote mbili uko sehemu moja, tofauti na zamani mlipopanga foleni huku, mkatembea, mkapanga tena kule. Hela badilisheni dukani, siyo kwa wale vijana wanaokukimbilia mlangoni, hata kama wanakuita shangazi.

Na ndege? Ataipanda! Arusha hadi Dar kwa basi ni siku nzima, na hapo mama atakuwa kachoka. Mnampandisha Kilimanjaro, KIA, lisaa limoja hivi yupo Dar. Kakaa dirishani, mlima kauona, kiapo cha shoga yangu kimetimia na hakuna aliyenyimwa visa.

Najua mtakachosema. Kwamba hela ni yake, aende anakotaka. Ni kweli, na mimi simzuii mtu. Mtasema pia kwamba nawakatisha tamaa watu wa uswahilini wasifike Paris, kana kwamba Paris ni ya mastaa. Hapana. Nataka wafike, lakini wafike wakiwa wanajuana. Ukishakaa na mama yako na wanao siku nane mabegini, utajua nani anaamka na hasira, nani anatapika kwenye basi, dawa ya presha inakaa begi gani, na nani anashika hela bila ugomvi. Kujua hayo Tanga ni elfu kadhaa. Kuyajulia Istanbul, saa sita usiku, mtoto ana homa na hakuna anayekuelewa, ni bei nyingine kabisa.

Shoga yangu bado kaninunia kidogo. Ila juzi nilipita dukani kwake, nikamkuta bi mkubwa kakaa kwenye kile kigoda chake pembeni ya vitenge, karatasi za kiapo ziko kwenye bahasha ya kaki mapajani. Hajauliza kuhusu Paris hata kidogo. Ameniuliza kama hiyo njia ya Lunga Lunga inapita Ukunda, maana kuna mtoto wa mjomba wake aliolewa huko miaka mingi, na kama mpakani wanaruhusu mtu kuvuka na mchele kilo tano.